Uvimbe Usiochoka

Swali liliulizwa siku ya Jumanne, kipindi cha kwanza baada ya mapumziko ya saa nne, na msichana ambaye hakuwa na mazoea ya kuuliza maswali. Nilikuwa nafundisha baiolojia katika shule ya kutwa ya wasichana, mwendo mfupi kutoka soko la Kabati. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na darasa lilikuwa kidato cha tatu. Nilikuwa nimechora ubaoni seli moja ikiwa mbili: kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi wetu, zinajipanga katikati, kisha nusu inavutwa huku na nusu kule. Nikamalizia kwa jambo ambalo halikuwa katika silabasi. Niliwaambia kwamba seli ya kawaida ya binadamu haigawanyiki milele. Ikishagawanyika mara kadhaa inachoka, inaacha.

Yule msichana akanyoosha mkono. Alikaa nyuma, karibu na dirisha ambalo kioo chake kilikuwa kimepasuka.

"Madam, kama seli zinachoka, mbona za uvimbe hazichoki?"

"Uvimbe gani?"

"Uvimbe tu. Mtu mwenyewe anazeeka, anaisha, lakini uvimbe unazidi kukua. Hizo si seli zake?"

Nilisimama na chaki mkononi. Nilikuwa nimefundisha miaka kumi na zaidi, na nilijua njia zote za kukwepa. Ningeweza kusema tutafika huko muhula ujao, au kwamba hilo halitatoka kwenye mtihani. Nilishawahi kuyasema yote mawili, kwa watoto wengine, na wakanyamaza. Siku hiyo niliutazama uso wake nikaona kwamba hakuwa ananijaribu.

"Sijui," nikasema. "Lakini si swali la mchezo. Nipe muda nilitafute jibu."

Mmoja akacheka kidogo, kicheko cha mshangao. Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa darasa la jirani, alinisikia kupitia ukuta wa mbao. Tulipokuwa tunakunywa chai akaniambia kwa upole, "Madam, ukisema hujui mara moja, watakupima kila siku." Nilimjibu kwamba wacha wanipime. Lakini moyoni nilikuwa na aibu.

Saa kumi jioni nilimkuta msichana mlangoni pa maabara. Tuliita maabara, ingawa kilikuwa chumba chenye meza sita, mifereji miwili isiyotoa maji na hadubini moja. Akaniambia mambo yalivyokuwa.

Alilelewa na nyanya yake, ambaye sisi kwa Kikamba tunamwita susu. Susu alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto. Ulianza kama punje ya hindi, na sasa ulikuwa mkubwa kuliko limau. Hakutaka kwenda hospitali, kwa sababu alikuwa ameshaambiwa na mganga kwamba ametupiwa kitu. Na aliyemtupia, kwa mawazo yake, alikuwa mke mwenzake. Wazee hao wawili walikuwa wajane wa mume mmoja, nyumba zao zikitazamana, na hawakuwa wameongea tangu mvua za mwaka uliopita.

"Susu mdogo hawezi kumtupia kitu," msichana akasema. Hivyo ndivyo alivyomwita yule mke wa pili. "Yeye ndiye alinibeba mgongoni nikiwa na surua. Lakini baba na baba zangu wadogo wamekubaliana. Tukishavuna, wanamlisha kithitu."

Kithitu ni kiapo cha Wakamba, na huogopwa hata na watu waliookoka. Husemwa kwamba aapaye uongo hufa, yeye na watu wa nyumba yake. Anayekataa kuapa naye amejihukumu, na atahama. Yule mama mzee angeapa au angekataa, kwa vyovyote asingekaa tena kwa amani katika boma lile.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Mimi ni mzaliwa wa Kalamba, upande wa Makueni. Katika miaka ya sitini, nikiwa na umri wa miaka minane hivi, mtoto wa jirani yetu alivimba mguu, na watu wakasema ni uoi, yaani uchawi, na kwamba mwenye uoi huo ni dada mkubwa wa mama yangu. Hakuna aliyemuuliza swali hata moja. Asubuhi moja nilimwona akipita njia ya shambani amebeba chungu kichwani na kingine mkononi, na mama akanivuta ndani nisimwite. Mguu wa yule mtoto haukupona wala haukuzidi, ulibaki vile vile. Mama mkubwa hakurudi. Tulisikia amekaa kwa watu Ikutha, kisha tukaacha kusikia.

Kwa hiyo sikulichukulia lile swali kama la baiolojia tu. Jioni hiyo hiyo nilimwandikia barua profesa aliyetufundisha urithi wa jeni nikiwa chuoni Nairobi. Sikuwa mwanafunzi wa kukumbukwa. Nilikaa katikati, nikapata alama za katikati. Nilimweleza swali kama lilivyoulizwa, na nikaongeza kwamba msichana ana sababu ya kuuliza. Kisha nikangoja. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Kila alipotoka posta, tarishi wa shule alinitikisia kichwa kutoka getini.

Wiki ya tano alikuja mbio na bahasha ya kaki, nene kama daftari. Ndani mlikuwa na nakala za kurasa za majarida, zimeandikwa pembeni kwa wino mwekundu, na barua ya kurasa nne kwa mkono wake mwenyewe. Ilianza hivi: "Sikukumbuki, na uniwie radhi. Lakini swali la mwanafunzi wako nitalikumbuka. Watu wanaolitafutia jibu sasa hivi wana maabara kubwa kuliko shule yako, na bado hawajamaliza."

Hapo ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza, mimi mwalimu wa baiolojia, habari za protini zinazokaa kwenye ncha za kromosomu. Nilikuwa nikizichora ncha hizo miaka yote bila kujiuliza lolote juu yake. Profesa alieleza kwamba kila kromosomu imefungwa mwishoni kwa kipande kinachojirudia rudia, kiitwacho telomea, na juu ya kipande hicho hukaa protini maalumu. Kazi yao ni kulinda. Seli ina mazoea ya kukagua kromosomu zake, na ikikuta mahali palipokatika hukimbilia kuunganisha. Ncha ya kromosomu inafanana sana na mahali palipokatika. Zile protini ndizo zinazoificha, ili seli isije ikadhani kuna jeraha na kuigandisha ncha moja na nyingine. Kromosomu mbili zikigandana, siku ya kugawanyika zinavutwa pande mbili kwa wakati mmoja, zinapasuka, na urithi wote unavurugika.

Lakini kila seli inapogawanyika, telomea inapungua kidogo. Baada ya migawanyiko mingi inakuwa fupi mno, walinzi hawana tena pa kukaa vizuri, na seli yenye afya hutambua hatari ikaacha kugawanyika. Huko ndiko kuchoka kwenyewe. Ila mara chache sana hutokea seli isiyosikia onyo. Inaendelea kugawanyika ncha zikiwa wazi, inavurugika, na nyingi za namna hiyo hufa. Moja ikipona, mara nyingi huwa imeamsha kimeng'enya kinachoziongeza telomea upya, kazi ambayo seli nyingi za mtu mzima huwa zimeizima. Seli hiyo haichoki tena. Kwenye uvimbe mwingi wa saratani uliopimwa, Profesa aliandika, kimeng'enya hicho kimekutwa kikifanya kazi. Mwishoni alipigia mstari maneno haya: "Usiwaambie kwamba tumejua yote. Waambie hapa ndipo tulipofika."

Ilinichukua wiki mbili kuzisoma nakala zile, nikikaa maabara baada ya masomo mpaka jua linapoondoka madirishani, na kamusi kando. Kisha nikafundisha. Darasa lilisikiliza vizuri. Mwalimu wa hesabu alikuja akasimama mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho, na akaniuliza maswali mawili ambayo yalinishinda pia. Tukacheka.

Msichana hakucheka. Alibaki nyuma.

"Madam, unaweza kumwambia susu hivyo?"

"Kwa Kikamba?"

"Hajui kingine."

Ile ndiyo iliyokuwa kazi ngumu. Nilijaribu njiani, Jumamosi ile tulipokuwa tunatembea kwenda kwao, na kila neno nililolitafuta lilikuwa la Kiingereza. Mbaazi zilikuwa zimeanza kukomaa pande zote mbili za njia. Msichana aliziangalia, nami niliziangalia, na sote tulijua tunahesabu nini.

Susu alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, anapepeta kunde. Alikuwa mwembamba, mwenye macho makali. Nilimwamkia kwa heshima, akaniletea isyo, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, kwenye bakuli, akangoja nile kabla ya kuniuliza nimetaka nini. Nikaanza. Nikasema mwili umejengwa na vyumba vidogo visivyoonekana, na ndani ya kila chumba mna nyuzi, na mwisho wa kila uzi kuna walinzi. Nilijikwaa. Nikarudia. Alikuwa ananitazama kama mtu anayemwonea mgeni huruma.

"Nyuzi zina mwisho, na mwisho una walinzi," akasema. "Wa nini?"

"Ili mwisho usiliwe, na usigandane na mwisho wa uzi mwingine."

Akaweka ungo chini. "Wewe umewahi kuchimba mitaro?"

Nilikuwa nimechimba. Nani kwetu hajachimba? Susu alikuwa mwanachama wa mwethya tangu ujana wake, kile kikundi cha kina mama wanaochimbiana makinga maji shambani, na akanyoosha kidole kwenye mteremko wa shamba lake. "Mwisho wa mtaro ndio tunaoupandia nyasi na kuuwekea mawe," akasema. "Ukiuacha wazi, kila mvua inakula kidogo. Ikila sana, mtaro huu unapasukia ule wa chini, na shamba lote linakwenda mtoni. Ni hivyo?"

"Ni hivyo, susu." Nilitaka kumkumbatia. Miaka yangu yote ya chuo haikunipa mfano kama ule. "Na kila chumba kinapozaa kingine, ni kama mvua imepita. Mwisho unapungua. Ukifika karibu na hatari, chumba kinaacha kuzaa. Ndiyo sababu tunazeeka."

"Na hiki?" Akaligusa titi lake juu ya nguo.

"Hiki kilianza na chumba kimoja ambacho hakikuacha. Kikapata njia ya kujirudishia udongo mwishoni, kila mvua. Kwa hiyo hakichoki."

Kuku walikuja wakala kunde zilizoanguka, na hakuwafukuza. Kisha akauliza swali ambalo hata Profesa nadhani hakulitarajia.

"Na hao walinzi, mtu anaweza kuwaroga? Mtu akikaa kwake, akasema maneno, walinzi wangu wakaondoka?"

Msichana alinitazama. Nilijua hapo ndipo palipokuwa na uzito wote.

"Susu," nikasema, "sijui kila kitu, na walionifundisha hawajui kila kitu. Sijui kwa nini kilianza kwako na si kwa mwingine. Lakini nimesoma jinsi chumba kama hicho kinavyoharibika. Hutokea hivyo kwa watu walio mbali na kwa watu wasio na adui. Hakuna mahali nilipoona mtu wa nje ameingia. Ni mwili wako mwenyewe."

"Uvimbe ni wangu, basi."

"Ni wako."

"Haukutoka ng'ambo ile." Hakutazama nyumba ya pili, lakini kidevu chake kilielekea huko.

"Haukutoka huko."

Akaokota ungo, akaanza kupepeta tena. Nilidhani nimeshindwa. Niliaga, na msichana akanisindikiza mpaka njiani. Siku nne baadaye alikuja shuleni mapema, akanikuta nafungua maabara. Susu alikuwa amewaita wanawe watatu. Aliwaambia hakuna kithitu kitakacholetwa katika boma lake akiwa hai, na kwamba anataka kupelekwa hospitali. Mwanawe mkubwa alipobisha, alimwuliza, "Uvimbe ni wako au ni wangu?"

Walimpeleka hospitali ya wilaya. Daktari alisema wamechelewa lakini hawajachelewa sana, akamfanyia upasuaji, akaliondoa titi lote pamoja na tezi za kwapani. Nilikwenda kumwona siku ya tatu. Alikuwa amelala ubavu, analalamika kwamba uji wa hospitali hauna uchachu. Nikamwuliza nimletee nini kutoka sokoni. Akasema hahitaji, uji wake unaletwa. Na kweli, niliposimama kuondoka, niliona chupa ya plastiki chini ya kitanda, imefungwa kwa gunzi la hindi.

"Nani ameleta?"

"Huyo," akasema, akageuza uso ukutani. "Anatoka nyumbani kabla ya jua. Hasemi kitu. Ananikalisha, ananinywesha, anakwenda zake. Mimi pia sisemi kitu. Nitaanzia wapi?"

Nilimshika mkono.

Alirudi nyumbani, na maneno yakarudi polepole, sijui ni nani aliyeanza. Ninachojua ni kwamba kabla ya muhula kuisha, mke mwenzake alikuja shuleni. Nilimkuta ameketi kwenye benchi nje ya ofisi, mama mnene mwenye kitambaa cheupe cha kanisani kichwani, mikono juu ya mapaja. Alisimama nilipokaribia.

"Wewe ndiwe mwalimu wa vyumba vidogo?"

Nikasema ni mimi.

"Nataka kuviona."

Nilikuwa na kipindi, nikamwomba mwalimu wa hesabu anishikie, naye akakubali bila kuuliza. Sikuwa na seli za binadamu za kumwonyesha zikigawanyika, nikamwambia ukweli huo. Nilikuwa na slaidi ya ncha ya mzizi wa kitunguu, iliyotiwa rangi. Nilimketisha, nikamfundisha kufumba jicho moja. Alishindwa, akalifunika kwa kiganja. Nikazungusha kioo cha hadubini mpaka mwanga ukaingia vizuri.

Alikaa pale muda mrefu, mgongo umepinda, anapumua kwa mdomo.

"Hizi nyeusi zinazovutana?"

"Hizo ndizo nyuzi zenyewe. Walinzi hawaonekani kwa chombo hiki. Ni wadogo zaidi."

"Mimi nimekaa mwaka mzima," akasema, jicho bado kwenye hadubini, "watu wananipita kwenye kisima kama jiwe. Usiku nilikuwa najiuliza: labda ni kweli? Labda kuna neno baya nililisema kwa hasira, likaenda likamwingia? Maana niliwahi kumkasirikia. Nani hamkasirikii mke mwenzake?" Akainua kichwa. Lile jicho la kwenye hadubini lilikuwa limelowa, lile la kiganjani pia. "Kumbe ni hivi tu."

"Ni hivi, mwaitu," nikasema, yaani mama.

"Mungu akubariki, pamoja na huyo aliyekuandikia."

Nilimwandikia Profesa salamu hizo neno kwa neno. Nilimshukuru kwa kurasa zake nne, ambazo pengine aliziandika siku moja ya shughuli nyingi, kwa mtu asiyemkumbuka. Mpaka leo nikifikiria maisha yangu ya ualimu, nawashukuru wengi, lakini yeye namwekea shukrani ya peke yake. Angeweza kutojibu, na hakuna ambaye angemlaumu. Na msichana yule namshukuru zaidi, kwa sababu alinifanya niseme "sijui" mbele ya watu arobaini, na kutoka siku hiyo nikawa mwalimu wa namna nyingine. Yeye alimaliza shule, akasomea uuguzi, akaajiriwa Makueni.

Susu aliishi. Daktari hakuwa ameahidi hivyo, na mimi sikuthubutu kutumaini. Mwaka wa mvua ile kubwa ya Elnino, makinga maji mengi ya Kabati yalipasuka, na nilipita kwao kuwapa pole. Kabla sijafika kwenye ua nilisikia sauti mbili zikigombana kwa nguvu. Nikasimama nyuma ya mti wa mnyaa nikasikiliza.

"Mbuzi wako amekula ndengu zangu mistari miwili!"

"Funga shamba lako! Mbuzi atajuaje mpaka?"

"Utanilipa!"

"Nikulipe nini, na maharagwe yangu uliyoyapika juzi?"

Nilisimama pale nikicheka peke yangu, machozi yakinitoka. Hakuna aliyemtaja mganga, hakuna aliyetaja uoi. Walikuwa wazee wawili wenye sauti nzuri, wanagombania mbuzi. Mungu, nilisema, asante. Kisha nikabisha hodi, wakanyamaza wote wawili mara moja, na kila mmoja akaanza kunieleza kosa la mwenzake.